Kula jioni mjini Puebla: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Puebla iko kusini-mashariki mwa Mexico City, mwendo wa saa mbili hivi kwa basi. Katikati ya mji wake wa kale kuna ziara za chakula za jioni zinazofanywa kwa miguu: mwongozaji mmoja, kikundi kidogo cha wageni, na vituo kadhaa vya kula njiani. Haya ni maswali ambayo wasafiri wanaozungumza Kiswahili huuliza kabla ya kulipia, wawe wanatoka Nairobi, Dar es Salaam, Muscat au Toronto.

Kwa nini Puebla, wakati Mexico City ina kila kitu?

Kwa sababu mji wa kale wa Puebla unazungukika kwa miguu jioni moja, na karibu kila unachokula kina asili yake hapohapo. Wahispania waliuanzisha mwaka 1531 kwenye njia ya kutoka bandari ya Veracruz kwenda Mexico City. Bidhaa za Ulaya zilipita hapa zikipanda kwenda bara, viungo vya Asia viliingia nchini kwa meli za Manila kupitia Acapulco, na ngano ililimwa bonde la jirani la Atlixco. Vyote hivyo vikakutana na mahindi, pilipili, nyanya, maboga na kakao za wenyeji, na mahali pa kukutania palikuwa majiko ya nyumba za watawa wa kike. Mji huo umo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia tangu 1987.



Tumesikia habari za mole poblano. Mbona ziara nyingi za jioni haziiweki kuwa chakula kikuu?

Wameksiko hula mlo mkubwa wa siku mchana, kati ya saa nane na saa kumi. Mole, ule mchuzi mzito wa pilipili kavu, ufuta, karanga, lozi, zabibu kavu, ndizi, mdalasini, karafuu na chokoleti kidogo, unaomiminwa juu ya kuku au bata mzinga, ni wa saa hizo. Ni chakula cha meza iliyotandikwa, cha harusi na cha sikukuu. Usiku watu hula vitu vyepesi wanavyoviita antojitos, vya kununua kibandani na kula ukiwa umesimama au umeketi kwenye kiti cha plastiki.

Kwa hiyo mwongozaji anayekupa kijiko cha mole cha kuonja kisha akakupeleka kwenye vibanda anakutendea haki. Anayekuketisha saa mbili nzima mbele ya sahani ya mole usiku amekuuzia mgahawa tu, na mgahawa ungeweza kuupata mwenyewe. Mole nenda ukaile kesho yake mchana, tumbo likiwa wazi.

Ziara huanza saa ngapi, na huchukua muda gani?

Nyingi huanza kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni na kuchukua saa tatu hadi nne. Kwenye tiketi muda huandikwa kwa mtindo wa saa 24, basi 18:00 ni saa kumi na mbili jioni yetu. Kama unatoka Afrika Mashariki moja kwa moja, kumbuka kwamba Puebla iko nyuma kwa saa tisa: wakikukaribisha mezani, mwili wako unajua ni saa tisa usiku. Usiweke ziara siku ileile unayotua.

Ukiweza kuchagua, chagua inayoanza mapema. Maduka ya peremende ya mtaa wa 6 Oriente hayakeshi, na masoko ya ndani kama El Carmen, yanayosifika kwa mikate ya cemita, yana uhai asubuhi na mchana. Mtu akikuahidi soko hilo saa tatu usiku, muulize vizuri.

Tutakula nini hasa?

Kila mwongozaji ana vituo vyake, lakini kuna vitu ambavyo ziara ya Puebla isiyo navyo haijakamilika.

Cemita ni mkate wa mviringo wenye ufuta juu, uliopasuliwa na kujazwa nyama iliyopondwa na kukaangwa kwa chenga za mkate, parachichi, jibini ya nyuzinyuzi iitwayo quesillo, kitunguu, pilipili ya chipotle yenye harufu ya moshi, na majani ya pápalo. Majani hayo yana harufu kali na watu wanagawanyika juu yake. Mimi naona bila pápalo hiyo ni sandwichi tu, lakini uliza uonje jani moja kwanza.

Molote ni kinyunga cha mahindi kilichokunjwa kama sambusa ndefu, kikajazwa na kukaangwa, kisha kikamwagiwa mchuzi wa pilipili na malai. Ndani waweza kuweka nyama iliyochambuliwa, viazi, jibini, au huitlacoche. Huyu wa mwisho ni kuvu mweusi anayeota kwenye mahindi shambani. Mkulima wa kwetu akimwona huling'oa gunzi lote na kulitupa. Meksiko humuuza kwa bei nzuri kuliko mahindi yenyewe, na ladha yake inakaribia uyoga.

Chalupas ni chapati ndogo za mahindi zilizopitishwa kwenye mafuta moto, zikapakwa mchuzi mwekundu au wa kijani, na nyama kidogo na kitunguu juu. Zinahusishwa zaidi na eneo la San Francisco.

Halafu tacos árabes. Miaka ya 1930 wahamiaji kutoka Mashariki ya Kati walifungua vibanda Puebla wakichoma nyama kwenye chuma kilichosimama wima, kwa namna ileile ya shawarma inayouzwa Mombasa na Muscat. Huviringishwa ndani ya mkate mwembamba wa ngano na kuliwa na mchuzi wa chipotle. Hizo ndizo zilizokuja kuzaa taco al pastor ya Mexico City. Wasomaji Waislamu, tafadhali someni swali linalofuata kabla jina halijawadanganya.

Msingi wa karibu yote haya ni mahindi, lakini hayapikwi kama tunavyoyapika. Punje huchemshwa kwa maji yenye chokaa, zikalala humo, zikaoshwa, ndipo zikasagwa zikiwa bado na unyevu. Chokaa hulegeza ganda, hukifanya kinyunga kishikane bila ngano, na huiachilia vitamini ya niasini ambayo mwili hauwezi kuipata vizuri kutoka kwenye mahindi yasiyotayarishwa hivyo. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya na Afrika, maarifa haya hayakuvuka nayo, na ugonjwa wa pelagra ukawapata maskini waliotegemea mahindi pekee. Mwombe mwongozaji akuonyeshe mama anayekanda na kupiga chapati kwa mkono. Ukizoea unga wa dona, harufu yake itakushangaza.

Mwisho ni peremende. Mtaa wa 6 Oriente huitwa Calle de los Dulces: camotes, yaani viazi vitamu vilivyopikwa na sukari na kufinyangwa vijiti, na tortitas de Santa Clara, biskuti zenye krimu ya mbegu za maboga. Usiuache mtaa huo bila kuitazama nyumba ya ndugu Serdán. Tarehe 18 Novemba 1910, siku mbili kabla ya siku iliyopangwa kwa Mapinduzi ya Meksiko, Aquiles Serdán na familia yake walipambana humo na polisi na askari wa Rais Porfirio Díaz. Matundu ya risasi bado yako ukutani, na duka la peremende liko hatua chache tu.

Mimi ni Mwislamu. Nitapata cha kula?

Utapata, lakini kwa maandalizi, na si kila ziara itakufaa. Mambo ni haya.

Taco árabe leo ni ya nguruwe. Wahamiaji walianza na kondoo, soko likawageuza. Usile kwa kuamini jina.

Tatizo kubwa zaidi halionekani kwa macho: mafuta ya nguruwe, manteca. Yamo kwenye maharage ya kuponda, tamales (vinyunga vya mahindi vilivyofungwa kwa majani na kupikwa kwa mvuke), chalupas, mara nyingi kwenye molotes, na hata kwenye mikate na biskuti kadhaa. Mchuuzi akikujibu kwamba hakuna nyama, anasema kweli kwa maana yake. Mafuta kwake si nyama. Swali sahihi ni kuhusu manteca yenyewe. Andika sentensi hii kwenye simu na uionyeshe: "No como puerco ni nada con manteca."

Kuku na ng'ombe wa vibandani hawakuchinjwa kwa utaratibu wa halali, kwa hiyo anayeshikilia hilo abaki kwenye mboga, jibini, mahindi na samaki. Quesadilla, yaani chapati ya mahindi iliyokunjwa, ya maua ya maboga au ya uyoga iliyookwa juu ya chuma kikavu, camotes, matunda, na esquites, yaani punje za mahindi laini kikombeni zenye ndimu, jibini na pilipili, zinatosha kuijaza jioni. Kwenye esquites uliza supu yake, maana wapo wanaochemsha na mifupa au miguu ya kuku.

Angalia pia borrachitos, peremende laini za rangi zilizopakwa sukari. Zina pombe ndani, na kwa sura hazitofautiani na nyingine.

Ushauri wangu: usijiunge na kikundi cha wageni mchanganyiko ukitegemea kubahatisha. Lipia ziara ya faragha, hata kwa watu wawili, na umwandikie mwongozaji siku kadhaa kabla. Mzuri atabadilisha vituo. Akijibu kwa haraka "hakuna shida" bila kutaja hata kituo kimoja, tafuta mwingine.

Sinywi pombe. Nitakaa nikiwatazama wenzangu?

La. Ziara nyingi huwa na kituo cha mezcal (pombe kali ya mmea wa agave), bia, au pasita, ile pombe tamu ya zabibu kavu inayotolewa kwenye glasi ndogo na kipande cha jibini. Omba badala yake agua fresca, kinywaji baridi kisicho na pombe. Ya tamarindo ni juisi ya ukwaju, na ya jamaica ni ile ya maua mekundu ambayo Watanzania wengi wanaijua kwa jina la choya. Mimea yote miwili asili yake ni Afrika, ikaenda huko na meli. Horchata ni ya mchele na mdalasini. Ikiwa baridi imeingia, omba atole, uji mwepesi wa mahindi unaonywewa moto, au champurrado, atole yenye chokoleti. Umri wa kuruhusiwa pombe Meksiko ni miaka 18.

Sili nyama kabisa, au nina mzio.

Asiyekula nyama ana hali nzuri: huitlacoche, maua ya maboga, uyoga, viazi, jibini, na vipande vya pilipili ya poblano. Yale ya manteca yanamhusu pia, na wali mara nyingi hupikwa kwa supu ya kuku.

Mwenye mzio wa karanga, lozi au ufuta aikwepe mole kabisa na asile cemita. Asiyekula ngano atafurahia mahindi, lakini cemita na taco árabe si zake. Kwenye kibanda kikaango ni kimoja kwa vitu vyote. Mzio ukiwa wa kutishia maisha, ziara ya vibandani si mahali pake.

Pilipili ni kali kiasi gani?

Kidogo kuliko inavyosemwa. Vyakula vyenyewe mara nyingi ni vya wastani, na ukali uko kwenye bakuli za mchuzi zilizo mezani, kwa hiyo ni wewe unayejipimia. Uliza "¿Pica?" kabla ya kumwaga. Waliokulia pilipili mbuzi hawatatetemeka, ila jalapeño za kusindika kwenye siki zina tabia ya kuchelewa kuwaka.

Tumbo langu litasalimika?

Mara nyingi ndiyo, ukifuata mambo machache. Maji ya bomba hayanywewi. Kunywa ya chupa. Barafu ya mgahawa kwa kawaida ni ya kiwandani. Kula palipo na foleni ya wenyeji, kinachotoka motoni mbele yako, na uwe mwangalifu na mboga mbichi za kibandani siku zako za kwanza. Hatari nyingine ni kushiba kituo cha pili. Ziara ina vituo vingi: kula nusu, gawana na mwenzako, na chakula cha mchana kiwe chepesi siku hiyo.

Nitapataje mahali pa kukutania? Mitaa yote ina namba zilezile!

Malalamiko ya haki. Mji ulipangwa kwa mistari iliyonyooka kama ubao wa bao la sataranji, na jina la mtaa lina namba na upande. Mistari miwili mikuu inakatana karibu na uwanja mkuu, Zócalo. Mitaa ya mashariki-magharibi huitwa Oriente upande wa mashariki na Poniente upande wa magharibi: ya namba shufwa iko kaskazini mwa uwanja, ya namba witiri iko kusini. Mitaa ya kaskazini-kusini huitwa Norte na Sur: ya shufwa iko mashariki, ya witiri magharibi.

Maana yake ni kwamba 6 Oriente, 6 Poniente, 6 Norte na 6 Sur ni mitaa minne tofauti. Kumwambia dereva "mtaa wa sita" hakutoshi. Nakili anwani yote, na pamoja nayo uulize jengo la jirani. Casa de Alfeñique, nyumba yenye urembo mweupe unaofanana na sukari, inajulikana na kila mtu, na soko la sanaa la El Parián liko karibu nayo.

Bei imejumuisha nini? Na bakshishi?

Uliza kwa maandishi: vyakula vyote, vinywaji, pombe, na kama kuna usafiri. Ziara zinazojiita za bure humlipa mwongozaji kwa bakshishi tu, na chakula ni juu yako. Si mbaya, ila ujue.

Kwenye migahawa bakshishi ya kawaida ni asilimia 10 hadi 15. Kwa mwongozaji hakuna kanuni, lakini asilimia hizohizo za bei ya ziara zitapokelewa kwa furaha. Beba peso taslimu za noti ndogo. Mchuuzi wa molotes hana mashine ya kadi, na noti ya peso 500 itamfanya azunguke kwa majirani kutafuta chenji.

Kuna mwongozaji anayezungumza Kiswahili?

Usitegemee. Ziara hutolewa kwa Kihispania au Kiingereza. Jifunze salamu, maana adabu ya pale inafanana na yetu kwa hili: huingii dukani wala husogei kibandani bila kusalimu. Baada ya saa za machweo ni "buenas noches". Ukipita mbele ya watu wanaokula, hata usiowajua, waambie "provecho". Kwenye kibanda unakula kwanza, unalipa mwisho, na mwenye kibanda hukuuliza umekula ngapi na kukuamini. Kula kwa mkono ndiyo kawaida. Taco haina uma.

Nije na watoto au wazazi?

Watoto wanaopenda kutembea, ndiyo. Wazee waulizwe kwanza kuhusu miguu na pumzi. Mawe ya barabarani hayako sawa kila mahali, na Puebla iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi. Mtu wa Dar au Muscat ataisikia siku ya kwanza, hasa kwenye ngazi.

Nivae nini, na nije miezi ipi?

Sweta, hata kama mchana ulikuwa wa jua. Desemba na Januari usiku ni wa baridi kweli. Mvua hunyesha takriban Mei hadi Oktoba, na hupenda alasiri na jioni, yaani saa zenyewe za ziara. Mwavuli mdogo unatosha, na waongozaji wengi huendelea.

Miezi yangu ni Agosti na Septemba, licha ya mvua. Huo ndio msimu wa chiles en nogada: pilipili kubwa ya poblano iliyojazwa nyama na matunda, ikafunikwa mchuzi mweupe wa jozi mbichi na kutupiwa punje nyekundu za komamanga na majani ya kijani. Rangi tatu za bendera, na wenyeji huihusisha na mwaka wa uhuru, 1821. Nje ya msimu iache, maana jozi si mbichi na komamanga limetoka kwenye friji. Mwislamu akumbuke kwamba nyama ya ndani kwa kawaida ina nguruwe.

Tarehe 5 Mei hoteli hujaa, kwa kuwa mji huadhimisha ushindi wa Jenerali Ignacio Zaragoza dhidi ya jeshi la Ufaransa mwaka 1862. Na kama volkano ya Popocatépetl, iliyoamka tena mwaka 1994, imetema majivu siku hiyo, mwongozaji anaweza kuahirisha. Msikilize.

Ni salama usiku?

Katikati ya mji wa kale kuna watu na taa hadi usiku. Ukimaliza, rudi hotelini kwa teksi ya kuitwa kwa programu ya simu badala ya kukata mitaa mitupu, na simu isikae mkononi unapotembea.

Viza na safari?

Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda wanahitaji viza ya Meksiko, na ubalozi wake katika ukanda wetu uko Nairobi. Ukiwa na viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au Schengen, utaratibu uliopo unakuruhusu kuingia nayo kama mtalii. Thibitisha na ubalozi kabla ya kukata tiketi. Kubadilisha ndege Marekani kunahitaji viza ya Marekani hata kama hutoki uwanjani, kwa hiyo wengi hupitia Ulaya au Istanbul. Kutoka uwanja wa ndege wa Mexico City kuna mabasi ya moja kwa moja hadi Puebla. Kutoka mjini, kituo ni TAPO.

Naweza kubeba chochote nyumbani?

Camotes zilizofungwa na karatasi husafiri vizuri. Mole huuzwa sokoni ikiwa donge zito, lakini kwenye ukaguzi wa uwanjani huhesabiwa kama kimiminika, basi iwekwe kwenye sanduku la chini, ndani ya mifuko miwili. Jibini, nyama na matunda mabichi yaache. Na ukinunua kisanduku cha peremende mchanganyiko kwa ajili ya wazee nyumbani, mwombe muuzaji atoe borrachitos kabla hajakifunga.